MALALAMIKO: Tunauziwa nakala ya santuri chakavu kwa jina la "kanda asilia"

Ndugu wapenzi wa jazi, wa Uganda na wa kwingineko,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kampuni moja ya ng'ambo imeniuzia santuri mbili za onyesho la jukwaani la miaka ya 1970, toleo jipya, lenye stika ya rangi ya dhahabu inayotangaza kwamba muziki umetolewa moja kwa moja kwenye kanda asilia, yaani kanda ya sumaku iliyorekodi onyesho lenyewe. Si kweli. Muziki ule umenakiliwa kutoka kwenye santuri ya zamani iliyochakaa, ukachapwa upya na kuuzwa kwa bei ya kitu adimu. Jina la kampuni nimeliacha kwa sasa kwa kuwa malalamiko yangu yako mezani kwao na wameahidi jibu la maandishi, lakini ushahidi nitauweka hapa ili kila mnunuzi aweze kuupima kwa masikio yake mwenyewe.

Pamoja na santuri, kampuni hutoa namba ya siri ya kupakulia faili za kidijitali za onyesho lile lile. Katika wimbo wa tatu kuna mahali ambapo ngoma na besi zinanyamaza, kinanda cha umeme cha Fender Rhodes kinabaki peke yake, na chini ya kinanda hicho kinasikika kimlio kidogo: tik. Kisha tena: tik. Kinajirudia kwa mpangilio usiobadilika, na nilipokipima kwa saa ya simu, kuanzia mlio wa kwanza hadi wa kumi na moja zilipita sekunde 18. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, yaani kila mzunguko huchukua sekunde 1.8. Kanda ya sumaku haizunguki hivyo. Ikiwa na dosari, utasikia mvumo, au sauti itafifia kidogo, lakini hutasikia mkwaruzo ule ule ukirudi kila baada ya sekunde 1.8. Ni sindano tu, ikipita kwenye mkwaruzo unaokatiza mifereji, inayotoa mlio wa aina hiyo. Sasa mtu anieleze: sindano imeingiaje kwenye faili la kidijitali linalodaiwa kutoka kwenye kanda?

Hayo si yote. Rhodes hiyo hiyo inaposhikilia sauti moja ndefu, sauti inapanda na kushuka kidogo, tena kwa mwendo ule ule wa mzunguko mmoja. Aliyezoea santuri ataelewa mara moja kwamba tundu la ile iliyonakiliwa halikuwa katikati sawasawa. Kasoro hiyo haipo kwenye mashine yangu, kwa sababu faili halikupita kwenye mashine yangu. Na jaketi la santuri, yaani kasha lake la karatasi, nalo linajisema lenyewe: mkunjo wa jaketi la zamani umechapishwa kama sehemu ya picha, na kwenye kona ya juu unaonekana mraba hafifu mahali ilipobanduliwa stika ya bei. Waliichukua nakala ya mtu, wakaipiga picha, wakaicheza kwenye mashine, wakarekodi, wakachapa. Hiyo ndiyo "kanda asilia" waliyotuuzia.

Nilipowaandikia, jibu la kwanza lilikuwa kwamba rekodi za zamani huwa na kelele na kwamba mnunuzi mwenye masikio ya kisasa inabidi azizoee. Huko ni kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sikulalamikia kelele za ukumbini, wala kikohozi cha mtazamaji, wala gitaa linaloumiza masikio, kwa maana hayo ni sehemu ya onyesho. Nilichokilalamikia ni uongo ulioandikwa kwenye stika.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nisifurahie tu muziki. Jibu langu ni kwamba katika jazi ya fyusheni ya jukwaani, yaani jazi iliyochanganywa na roki na ala za umeme, jinsi rekodi ilivyotunzwa na ilivyokatwa ndiyo inayoamua kama umesikia muziki wenyewe au vipande vyake. Mfano mzuri ni mpiga tarumbeta wa Marekani Miles Davis akiwa Osaka, Japani, ukumbi wa Festival Hall, tarehe 1 Februari 1975. Onyesho la mchana likawa albamu ya Agharta, la jioni likawa Pangaea. Bendi ilikuwa na Pete Cosey na Reggie Lucas kwenye magitaa, Michael Henderson kwenye besi, Al Foster kwenye ngoma, Sonny Fortune kwenye saksafoni na filimbi, na Mtume kwenye ngoma za mkono. Muziki unakwenda mfululizo kwa muda mrefu bila nyimbo kutenganishwa, na Miles anauongoza kwa ishara: bendi nzima inakatika ghafla, kimya kinatanda, kisha wote wanarudi kwa kishindo kwa pamoja. Ukikipandisha kile kimya kwa mitambo hadi kikaribie ukubwa wa kishindo, kama wafanyavyo mafundi wengi wa siku hizi wanaotaka kila kitu kisikike kikubwa, umekifuta kitu ambacho Miles alikijenga kwa mkono wake. Na ukiujaza mkwaruzo wa santuri ya mtu ndani ya kimya hicho, ni hivyo hivyo.

Suala la kukatwa nalo lina historia yake. Upande mmoja wa santuri hubeba kwa raha dakika ishirini na kitu, nao wimbo wa kwanza wa Agharta unapita dakika thelathini, hivyo kwenye santuri uligawanywa katika pande mbili. Hapo hapakuwa na namna. Lakini CD hubeba dakika 74 na zaidi, na faili la kupakua halina kikomo chochote cha namna hiyo. Kwenye faili nililouziwa, makofi mwishoni mwa upande wa kwanza yanafifishwa kwa sekunde chache, pakawa kimya kabisa, kisha upande wa pili ukaanza katikati ya pumzi ya mpiga saksafoni. Kama kweli walikuwa na kanda, kwa nini onyesho likatike pale pale santuri ya zamani ilipokuwa ikigeuzwa? Mwenye kanda anao mwendelezo wote. Mwenye santuri anacho tu kile santuri ilichokibakisha.

Najua pia kwamba hata matoleo ya mwanzo yalihaririwa, na yapo mengine yaliyokatwa baadaye. CD ya kwanza ya 8:30, albamu ya 1979 ya bendi ya fyusheni ya Weather Report, iliuacha wimbo wa Scarlet Woman ili santuri mbili zienee kwenye diski moja. Na albamu ya Miles Davis at Fillmore ya 1970 ilikuwa na usiku nne, kuanzia tarehe 17 hadi 20 Juni, kila usiku ukiwa umekatwakatwa na Teo Macero hadi ukaenea upande mmoja wa santuri. Mimi sina ugomvi na Macero, maana alikuwa mtayarishaji wa Miles na kazi ile ilifanyika wazi. Kisha mwaka 2014 likatoka toleo la CD nne lenye usiku hizo nne kwa ukamilifu. Mwaka 2005 lilikuwa limeshatoka kasha la CD sita za maonyesho ya Desemba 1970 katika klabu ya Cellar Door, Washington, yale yaliyotoa sehemu kubwa ya albamu ya Miles ya Live-Evil. Kazi ya namna hiyo naiheshimu na ninalipia bila kunung'unika: mnunuzi anaambiwa ni siku gani, ni ukumbi gani, na nini kimeongezwa ambacho hakikuwepo.

Kwetu Uganda jambo hili lina uzito wake. Sehemu kubwa ya muziki huu ilirekodiwa miaka ambayo sisi tulikuwa chini ya Idi Amin, kuanzia Januari 1971 hadi Aprili 1979. Baada ya Wahindi kufukuzwa mwaka 1972, maduka yaliyokuwa yakiagiza bidhaa kutoka nje yalivurugika, na santuri za Wamarekani zilizorekodiwa Japani hazikuwa kitu cha kutarajiwa Kampala. (Afrigo Band yetu ilianzishwa mwaka 1975, na nani hajiulizi wangekuwa wapi leo wapigaji wetu wa wakati ule kama wangezipata rekodi hizo zikiwa mpya.) Hata huko Marekani kwenyewe nyingine zilichelewa mno: Dark Magus ya Miles, iliyorekodiwa Carnegie Hall, New York, mwaka 1974, ilitoka Japani 1977 na haikutolewa Marekani hadi 1997, na Flood ya mpiga kinanda Herbie Hancock ya mwaka 1975 ilibaki ya Wajapani kwa miongo kadhaa. Ndiyo maana ukipekua marundo ya santuri kuukuu Owino utapata rumba, utapata nyimbo za kanisa, utapata vibao vya Nairobi, lakini fyusheni ya jukwaani ni nadra mno. Mwenzetu aliye Nairobi anaweza angalau kwenda Soko la Kenyatta, akaishika santuri mkononi, akaitazama kwenye mwanga na kuomba aisikilize. Sisi tunategemea matoleo mapya, tunategemea picha mtandaoni, na tunategemea maneno ya kwenye stika. Stika ikidanganya, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na mbuzi huyo ana nauli. Santuri ni nzito, ikisafirishwa kwa ndege gharama inaweza kukaribia bei yake, na ikifika Entebbe kodi inapigwa juu ya bei pamoja na nauli yenyewe, ikiwemo asilimia 18 ya ongezeko la thamani. Kampuni ilinipa ruhusa ya kurudisha mzigo "kwa gharama ya mteja". Wanajua fika kwamba mteja wa Kampala hawezi kulipia nauli mara mbili kwa bidhaa moja, kwa hiyo ruhusa hiyo kwetu haina maana yoyote.

Hili linaniuma zaidi kwa sababu wapigaji wa muziki huu hawakuwa wageni kwetu. Hancock aliitwa Mwandishi, na katika bendi yake mpiga tarumbeta Eddie Henderson akaitwa Mganga, mpiga ngoma Billy Hart akaitwa Jabali, na Mtume wa bendi ya Miles ndiye aliyewagawia majina hayo. Watu walioielekea Afrika Mashariki namna hiyo, leo rekodi zao zinatufikia sisi zikiwa nakala ya nakala.

Wala sidai kisichowezekana. Kanda hupotea. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala la kanda za kampuni ya muziki ya Universal huko California, na umma haukuelezwa ukubwa wa hasara hadi gazeti la New York Times lilipoufichua mwaka 2019. Ikiwa kanda imeungua, kunakili santuri iliyo safi ni kazi halali na inaweza kufanywa vizuri sana. Iandikwe tu. Mwaka 2022 ilipojulikana kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani ya kutoa upya santuri, ambayo wateja waliiamini kuwa inachonga santuri zake kutoka kanda bila hatua ya kidijitali, imekuwa ikitumia hatua hiyo kwa miaka, wanunuzi wa Marekani walikwenda mahakamani na kampuni ikakubali kuwalipa. Wale walikuwa angalau wamepewa muziki uliotoka kwenye kanda. Sisi wa huku, mahakama gani itatusikiliza?

Kwa hiyo nimeiandikia kampuni barua ya pili, na madai yangu ni haya: warudishe fedha pamoja na nauli, waibandue stika ile kwenye nakala zote zilizobaki, na waandike nyuma ya jaketi chanzo cha muziki, tarehe na ukumbi wa kila wimbo, na mahali palipokatwa.

Kwenu ninyi ombi langu ni la vitendo. Yeyote mwenye toleo jipya la onyesho la fyusheni lenye stika ya "kanda asilia", awe Kampala, Jinja, Gulu, Nairobi au Dar es Salaam, apakue faili lake, atafute sehemu ya kimya, apime muda kati ya mlio na mlio, kisha aweke hapa matokeo pamoja na picha ya herufi zilizochongwa karibu na lebo katikati ya santuri. Picha za kwangu, na rekodi fupi ya ile sehemu ya Rhodes, nitaziweka kwenye jibu la kwanza chini ya uzi huu.