Corolla 110 haichaji vizuri: kuchomoa tamino, kupima kwa mita, au kuipeleka kwa rewaya (fundi umeme wa magari) moja kwa moja?

Dereva_Kibaha:
Wakuu, habari zenu. Nina Corolla AE110 ya 1998, injini 5A-FE. Asubuhi stata inazunguka kivivu, na gari ikilala siku mbili bila kutembea lazima ibustiwe. Taa ya betri kwenye dashibodi inazimika vizuri tu baada ya kuwasha. Ila usiku nikiwa foleni na AC imewashwa, taa kubwa zinafifia, nikikanyaga mafuta zinapanda. Betri ni N50, haijamaliza mwaka. Fundi wa kwanza anasema ninunue betri, wa pili anasema altaneta (jenereta ya gari inayochaji betri), wa tatu anataka achomoe tamino (kibanio cha waya kwenye nguzo ya betri) gari ikiwa inaunguruma ili "tuone ukweli". Naomba mnilinganishie: njia ipi ya kupima inaaminika kabla sijatoa hela?

RewayaTanga:
Huyo wa tatu mzuie kwanza, mengine yatafuata. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiikata ghafla wakati altaneta inasukuma ampea nyingi, volti huruka hadi makumi kabla reguleta (inayodhibiti volti za altaneta) haijawahi kushusha. Hapo ndipo dayodi za altaneta (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) zinapokufa, reguleta inapoungua, na kwenye gari lako hata kompyuta ya injini inaweza kwenda. Na jibu lenyewe halina faida. Injini ikiendelea kuunguruma, umejua tu kwamba altaneta inatoa umeme wa kutosha plagi na pampu ya mafuta. Hujajua kama inaweza kubeba taa, AC, feni na bado ijaze betri. Altaneta yenye dayodi moja mbovu inafaulu mtihani huo kila siku.

Mzee_wa_Landrover:
Naungana na mwenzangu, ila vijana wajue desturi hiyo ilikotoka. Sisi tulianza na Land Rover za dainamo, mashine ya kuchaji iliyotangulia altaneta. Dainamo haina dayodi za kuungua, na dizeli ya pampu ya zamani ikishawaka haihitaji umeme kuendelea kuwaka. Fundi aliyefunzwa enzi hizo alimfundisha mwanafunzi wake, naye akamfundisha wake, hadi tamino zinachomolewa kwenye magari ya kompyuta. Land Rover Series III, iliyoanza 1971, ndiyo iliyotuletea altaneta, na hapo mchezo ulipaswa kuisha.

Kwa wenye magari ya namna hiyo, msiisahau balbu ya taa ya chaji. Kwenye altaneta za kampuni ya Lucas, aina ya ACR, umeme wa kuamsha altaneta unapita kwenye balbu hiyo ya wati 2.2. Ikiungua, altaneta nzima kabisa inaweza kukaa kimya. Nimeona watu wakinunua altaneta kwa sababu ya balbu. Toyota ya mwenye mada haitegemei balbu hivyo, ina waya wake wa IG unaotoka kwenye swichi.

Msafiri254:
Kwangu mimi mita inazishinda njia zote. Ile ya manjano ya bei ya chini inatosha, mradi ujue udhaifu wake. Betri ndogo ya volti 9 iliyomo ndani ikichoka, mita inasoma juu kuliko ukweli, na utasifu altaneta mbovu. Ibadilishe kwanza.

Kisha fanya hivi, boss. Gari ikiwa imelala usiku kucha, pima betri kabla hujafungua mlango wala kugusa swichi. Fungua boneti jioni kabisa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.0 imeshaisha nguvu. Washa, kanyaga hadi kama mizunguko 2000 kwa dakika, pima tena palepale kwenye betri. Ukipata 13.8 hadi 14.5, inachaji. Chini ya 13.3 kuna tatizo. Ikivuka 15 reguleta imeachia, na betri itachemka hadi ikauke maji.

Sasa watu wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo ubovu unapojificha. Washa taa kubwa, feni ya ndani namba ya mwisho na hita ya kioo cha nyuma, halafu pima mara mbili: waya mmoja wa mita kwenye boliti nene ya nyuma ya altaneta, mwingine kwenye nguzo ya chanya ya betri. Nguzo yenyewe ya risasi, si tamino lililoishika. Ikizidi volti 0.3, umeme unapotea njiani. Rudia kati ya bodi ya altaneta na nguzo ya hasi. Upande huo ukizidi 0.2, shughulikia athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini).

Mama_Noah:
Mimi nimeweka kile kipima volti kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la sigara. Msikidharau. Ni kweli kinasoma chini kidogo kuliko betri yenyewe kwa sababu ya waya mrefu uliopo kati, kwa hiyo usikitumie kubishana na fundi juu ya nukta. Lakini kinakuonyesha gari likiwa barabarani. Toyota Noah yangu asubuhi inasoma 14.1, ikishapata moto kwenye mlima inashuka hadi 12.8, ikipoa inarudi. Gereji ilipimwa ikiwa ya baridi na kila mtu akasema ni nzima.

RewayaTanga:
Mama, hiyo ni altaneta inayokata ikishika moto: reguleta, au kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zilizokwisha zinazogusa kwa kubahatisha. Ukiona pia redio inalia kama nzi na sauti inapanda kadiri unavyokanyaga mafuta, washuku dayodi.

Hapo mita ya manjano inaweza kukudanganya. Watu husema weka kwenye alama ya mawimbi (volti za umeme wa kupishana), ikizidi nusu volti dayodi imekufa. Mita nyingi za bei ya chini zina vipimo vya volti 200 na 750 tu upande huo, na nyingine zikiwekwa kwenye betri tupu, gari limezimwa, zinaonyesha volti 20 na kitu. Ijaribu hivyo kwanza. Isipoonyesha sifuri, usiitumie kwa kazi hiyo, nenda kwa rewaya mwenye mashine ya kuzungushia altaneta mezani.

Dereva_Kibaha:
Nimepima wakuu. Asubuhi betri 12.2. Injini mizunguko 2000, vitu vyote vimewashwa: kwenye betri 13.1, kwenye altaneta yenyewe 14.2. Upande wa chanya inapotea volti 1.0, upande wa hasi 0.1.

RewayaTanga:
Basi hela yako ya altaneta irudishe mfukoni. Altaneta inatoa 14.2 na mzigo wote huo, ni nzima.

Zaidi ya hapo, namba zako zinaonyesha pa kutafuta. Soketi ya altaneta yako ina waya tatu: IG ya kuamsha, L ya taa ya dashibodi, na S inayoipelekea reguleta habari za volti za upande wa betri. Kama kizuizi kingekuwa kabla ya pale S inapochukulia umeme, reguleta ingeona upungufu na kuipandisha altaneta juu ya 14.2. Haikupandisha, maana yake S inaona mambo ni shwari. Kizuizi kiko mbele yake, kati ya sanduku la fyuzi na nguzo ya chanya. Anza na tamino. Livue kabisa, usilikwaruze kwa nje. Angalia na pale waya wa fyuzi kubwa unapofungwa kwa boliti.

Dereva_Kibaha:
Limevuliwa. Kwa nje lilikuwa safi, lakini waya mnene uliobanwa kwenye tamino ulikuwa na unga wa kijani ndani ya plastiki, na nyuzi kadhaa zilikatika nilipoukunja. Nimekata hadi kwenye shaba safi, nimeweka kichwa kipya cha kubana. Sasa kwenye betri nasoma 14.0 na vitu vyote vimewashwa. Taa hazififii tena. Lakini betri niliyoichaji ikajaa imeshuka hadi 12.3 baada ya siku mbili za kulala.

Msafiri254:
Hiyo ni shida ya pili, kuna kitu kinakula usiku. Chomoa tamino la hasi, weka mita kwenye ampea 10 katikati ya tamino na nguzo, milango imefungwa, subiri gari litulie. Kawaida haipaswi kuzidi ampea 0.05. Usijaribu kupiga stata mita ikiwa hapo. Kwenye mita nyingi za bei hiyo tundu la ampea 10 halina hata fyuzi. Kisha chomoa fyuzi za gari moja moja hadi namba ishuke. Kwa kawaida ni alamu au redio iliyofungwa mtaani. Ukimaliza fyuzi zote na namba haijashuka, rudisha fyuzi zote, toa mita, tenganisha waya mnene wa altaneta tamino la hasi likiwa bado limechomolewa, kisha rudisha mita. Ikishuka hapo, dayodi inavuja.

Dereva_Kibaha:
Ilikuwa 0.4. Nilipochomoa fyuzi ya alamu ikabaki 0.03.

Mama_Noah:
Hongera. Mimi sasa nashauriwa mambo matatu: kubadilisha kaboni na reguleta, kuchukua altaneta ya mtumba ya Japani, au mpya ya boksi. Mwenye uzoefu anilinganishie.

Mzee_wa_Landrover:
Kama beringi hazilii na mwili wake haujapasuka, tengeneza ile iliyokuja na gari. Shaba na chuma chake huzipati kwenye nyingi za boksi za bei ya chini, hata kama lebo imeandikwa ampea zilezile.

RewayaTanga:
Nakubaliana na Mzee, kwa sharti moja: fundi afungue mbele yako na aangalie pete za shaba ambazo kaboni zinaziegemea. Zikiwa zimechimbika, kaboni mpya hazitadumu. Kwenye altaneta za Toyota zilizotengenezwa na Denso kaboni mpya inachomoza milimita 10.5, ikibaki 1.5 imekwisha.

Ukiamua mtumba, Gerezani pale Dar es Salaam ama popote, nenda na mita. Zungusha puli kwa mkono usikilize beringi. Weka mita kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu kwenye bodi na mweusi kwenye boliti nene: isome. Geuza: isisome. Ikisoma pande zote mbili, iache hapohapo mezani. Linganisha soketi na idadi ya mifereji ya puli na yako, na ukubaliane na muuzaji kwa maandishi kuhusu kuirudisha. Kwenye kufunga, tamino la hasi lichomolewe kabla spana haijagusa chochote, maana waya mnene wa altaneta una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni.