Karatasi ya labo inasema "BLSE positif", ni nini hiyo?

Furaha_Kadutu
Bandugu habari, mama yangu mikojo inamuchomaka sana, tukampiga ceftriaxone ya farmasi, ikatulia kidogo kisha ikarudi, tukapiga tena. Sasa tumefanya ECBU (kupima mikojo kwa labo) hapa Bukavu, karatasi inasema mikrobe Escherichia coli, BLSE positif, na R (dawa haiiwezi) karibu mustari wote, amoxi, ceftriaxone, Augmentin, mpaka gentamicine. S (dawa inaiweza) iko tu kwa fosfomisine, nitrofirantoine na meropeneme. Mwili yake imezoea dawa ao? Na gentamicine hatujamupaka hata siku moja, R yake imetoka wapi?

Wa_Ibanda
Pole dada. Si mununue Augmentin tu, iko na kitu inafungaka hiyo BLSE, miye ilinisaidiaka.

Mtu_wa_Labo
Dada Furaha, si mwili wa mama, ni mikrobe njo imebadilika. BLSE ni anzimu, kakitu ka kukata dawa, yenye mikrobe inatengeneza yenyewe. Penisilini, amoxi, ceftriaxone, zote ziko na pete moja ndogo ya atomu nne, beta-laktamu, pale njo nguvu yao iko, anzimu inakata ile pete na dawa imekufa, hata upige sindano ngapi. Si mambo ya juzi: Abraham na Chain walionyesha anzimu ya kuvunja penisilini ndani ya E. coli mwaka 1940, watu wengi bado hata penisilini hawajaisikia! Hizi za kukata mpaka cefotaxime, ndugu ya ceftriaxone, zilitambuliwa Ujerumani mwaka 1983. Na kila munaporudilia ceftriaxone munaua zenye hazina anzimu, zenye iko nayo zinabaki kuzaana peke yao.

Gentamicine BLSE haiigusi, ni anzimu zingine, zinabandika kitu juu ya dawa mpaka ishindwe kushika mikrobe. Lakini mara nyingi jeni za yote zinakaa juu ya plasmidi moja, kakipande ka ADN kenye mikrobe inapitishia mwenzake, kwa hiyo R zinakuja pamoja.

Wa Ibanda, hujadanganya, asidi klavulaniki ya Augmentin inafungaka BLSE nyingi, na sisi tunaitafutiaka nayo: tunaweka kakaratasi kenye dawa yake katikati ya sahani yenye tumepanda mikrobe, ka cefotaxime na ka ceftazidime (nayo ndugu ya ceftriaxone) pembeni, asubuhi ile sehemu tupu yenye mikrobe haikuota inavutika kuelekea Augmentin, sura ya kizibo cha shampanye kabisa. Lakini soma karatasi ndugu yangu, ya mama imeandikwa R. Imeisha hiyo.

Furaha, homa iko? Ubavu unamuuma? Kama ni kuchoma tu, fosfomisine ao nitrofirantoine dokta anaweza kukuandikia. Kama imepanda kwa figo hizo mbili hazitoshi, ni hospitali, meropeneme si ya kununua farmasi ukapigia nyumbani.

Furaha_Kadutu
Homa ilianza jana usiku yaya, na anatapika.

Mtu_wa_Labo
Achana na simu, mupeleke sasa hivi. Beba ile karatasi, na useme ceftriaxone ameshaipata, wasianze nayo tena.