Mama ana goti la bandia linatoa usaha, faji zinaweza kusaidia?

Kibwana_T: Wakuu, goti la bandia la mama limeingia bakteria. Akinywa antibiotiki linatulia, akiacha tundu linafumuka usaha. Nasikia taasisi ya Eliava kule Tbilisi, Georgia, wanatibu kwa bakteriofaji, virusi vinavyoua bakteria. Utaratibu ukoje?

BilaPresha: Asali na habat soda. Wazungu wanatuzungusha tu.

Darubini: Bakteria gani? Faji anayeua Staphylococcus aureus hamgusi Pseudomonas, na hata ndani ya aureus wapo anaoshindwa kuwaua. Weka majibu ya kuotesha bakteria maabara.

Kibwana_T: Tuliambiwa ni wale wa kawaida wa ngozi.

Darubini: Hayo si majibu. Maji ya goti yalivutwa?

Kibwana_T: Hapana. Ila chupa za faji nimeshaagiza mtandaoni, ziko kwenye friji, na kuna nesi atamchoma nyumbani. Msinishambulie, mama kisu hataki tena.

MfupaMgumu: Usithubutu. Dawa isiyosafishwa kwa ajili ya sindano ina mabaki ya bakteria waliopasuka, mengine sumu inayoshusha presha. Na sindano ya gotini sebuleni inaongeza vimelea. Halafu bakteria wamejifunika utando juu ya chuma cha goti, dawa haiwafikii kirahisi. Hospitali ya Croix-Rousse, Lyon, faji humiminwa wakati wa upasuaji wa kusafisha, na antibiotiki zinaendelea. Tundu likishatoboka, mara nyingi goti linatolewa, inawekwa saruji yenye antibiotiki, jipya baadaye. Kisu kipo palepale.

Mchokozi: Chai hii. Kesho ataweka namba ya M-Pesa.

Kibwana_T: Ningekuwa nauza si ningesema zimeponya?

Darubini: Chai au si chai, wengine wanasoma wana wagonjwa. Daktari akiridhia, antibiotiki zisimame wiki 2, ndipo maji yavutwe ndani ya goti. Usaha wa tundu unadanganya, una vimelea vya ngozi. Thieta wachukue vipande 5 au 6, maabara iviache siku 14, kuna wanaoota taratibu. Bakteria aliyeota ndiye anayejaribiwa dhidi ya faji, ajulikane yupi anamuua. Homa kali ikija, hakuna kusubiri. Na antibiotiki ya rifampisini asipewe peke yake, usugu unakuja upesi.

Kibwana_T: Sawa, lakini akizinywa tu?

MfupaMgumu: Asidi ya tumbo itaua nyingi, zitakazopona hazitafika gotini kwa kiasi cha maana. Mpeleke kwa daktari wa mifupa, chupa nenda nazo akazione.

BilaPresha: Habat soda haina presha lakini.