Rais wa Marekani akitaja dharura, Bunge lazuiaje silaha?

Langoni, Lamu: Maalim, barazani twabishana. Sheria ya Marekani yataka Bunge lipewe siku 30 kabla ya mauzo makubwa ya silaha nje, 15 kwa NATO na marafiki wachache. Rais akitangaza dharura, siku hizo zaenda wapi?

Shela: Zafutika, ndugu yangu. Anathibitisha kwa maandishi kuwa kuna dharura, anaambatisha sababu, basi. Mei 2019 mauzo 22 ya Saudia, Imarati na Jordan, dola bilioni 8 hivi, yalipita hivyo. Bunge likapitisha maazimio 3 ya kuyapinga, Rais Trump akayapiga veto, yaani akayakataa. Seneti ikakosa theluthi mbili za kuipindua veto hiyo. Azimio moja lilipata 45 kwa 40 tu. Wengi walipinga na silaha zikaenda!

Malindi: Kasoro ni hapo. Ibara ya 58 ya Katiba yetu ya Kenya, dharura hufa baada ya siku 14 Bunge la Taifa lisipoiongeza kwa theluthi mbili. Kule kimya cha Bunge ni ruhusa. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Chadha, 1983, azimio lisilopita kwa rais halina nguvu. Sheria igeuzwe: bila kura ya kuidhinisha, dharura ife.

Shela: Kweli. Bunge laweza kutunga sheria ya kuzuia mzigo hadi siku ya kukabidhiwa, ila nayo yangoja veto ileile.