Tunaanzisha jarida la fasihi la waandishi wa Wales: tuchape nakala ngapi?

Mbayuwayu: Wakuu, habari za jioni. Tuko watatu hapa Cardiff, tunaanzisha jarida la fasihi la waandishi wa Wales. Matoleo mawili kwa mwaka, kurasa 128 za A5. Mfukoni tuna pauni 3,000. Toleo la kwanza tuchape 300 au 1,000? Mchapaji anasema zikiwa nyingi, bei ya kila moja inashuka. Muda unatubana, naombeni ushauri.

Fundi Chapa: 300. Bei ya moja inashuka, bili nzima inapanda, na zisizouzwa zitalala uvunguni. Maduka ya vitabu hukata asilimia 35 hadi 40 na hurudisha zilizobaki. Jarida la pauni 10 litakuingizia 6 na ushee, tena baada ya miezi. Kurasa 128 mmepatia, zinagawanyika kwa 16. Kwa karatasi ya gramu 90 na jalada la gramu 250, nakala itakuwa na uzito wa kama gramu 195 na mgongo usiofika sentimita moja, hivyo posta itapita kama barua kubwa, siyo kifurushi. Kikomo chao ni unene wa sentimita 2.5.

Ukurasa wa Nne: Ombeni ISSN, namba ya utambulisho wa jarida, mapema, ni bure. Ya karatasi na ya mtandaoni ni namba mbili tofauti. Likitoka, nakala moja iende British Library ndani ya mwezi. Maktaba ya Taifa ya Wales kule Aberystwyth na nyingine nne zina haki ya kudai zao, kwa hiyo tengeni sita.

Binti Tarbia: Mimi naulizia mashairi. Wawelisi wana englyn: mishororo minne, mizani 30, yaani 10, 6, 7 na 7, na ndani yake cynghanedd, konsonanti zinazoitikiana kwa kanuni kali. Sisi tuliolelewa na vina na mizani 16 tunaelewa uzito wake. Msije mkakata mshororo kwa sababu ukurasa ni mwembamba.

Kalamu Nyeusi: Idadi ya nakala ni swali la mwisho. Waandishi wa lugha gani? Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji 538,000 wa Kiwelisi, asilimia 17.8. Wengine wote wanaandika Kiingereza.

Mbayuwayu: Lugha zote mbili, nusu kwa nusu. Mhariri wa Kiwelisi tutampata.

Kalamu Nyeusi: Mnaye au hamna?

Mbayuwayu: Hatuna. Kati yetu hakuna anayesoma Kiwelisi. Tangazo tulishatoa wiki iliyopita, na kazi 40 za Kiwelisi zimeingia. Tunazipitisha kwenye programu ya tafsiri na maana tunaipata. Tungetangaza Kiingereza peke yake tungewatenga wenye lugha yao.

Binti Tarbia: Maana utaipata, cynghanedd hutaisikia. Utakataa englyn safi na kupitisha mbovu, na kila msomaji wao ataona.

Mzee Staha: Mwanangu, kumwomba mtu kazi kwa lugha usiyoisoma ni kumkosea heshima. Kawatakeni radhi.

Chumvi Kali: Hii ni chai. Kazi 40 kwa wiki moja, na jarida lenyewe hata jina hatujaambiwa? Mods, fungeni uzi.

Ukurasa wa Nne: Chai kwa lipi? Mabaharia wa Kisomali wako Butetown, mtaa wa hapo Cardiff, tangu karne ya 19. Mtu wa kwetu kuwa na jarida Cardiff si ajabu.

Mbayuwayu: Siyo chai. Leo prufu ya kurasa nane imerudi na kila ŵ na ŷ, herufi za Kiwelisi, imegeuka kiboksi. Hilo ningelitunga vipi?

Fundi Chapa: Hilo halitungwi. Fonti nyingi zina â na ê za Kifaransa, lakini ŵ na ŷ hazina. Kabla ya kununua fonti, andika "dŵr" na "tŷ" kwa wima, mlazo na koza, maana mara nyingi mlazo ndio unaokosa. PDF iende na fonti ndani yake. Na mwisho wa mstari usitenganishe ll, dd wala ch, kila moja ni herufi moja. Kwenye orodha ya waandishi, Llinos anakuja baada ya Lowri. Kompyuta itakupangia kinyume.

Chumvi Kali: Sawa, nimekubali. Ruzuku je?

Kalamu Nyeusi: Wasiiweke kwenye hesabu. Majarida ya Planet la 1970 na New Welsh Review la 1988 yote yalipoteza ruzuku ya Baraza la Vitabu la Wales mwaka 2024, na hayo yalikuwa na wasomaji tayari. Mbayuwayu, kwenye hizo 3,000 toa kwanza malipo ya mhariri wa Kiwelisi na ya waandishi. Kinachobaki ndicho kitakwambia nakala ngapi. Wale 40 waandikieni wiki hii kwamba majibu yanasubiri mhariri, na wapeni tarehe. Mkiiwahi Eisteddfod, tamasha la utamaduni wa Kiwelisi, wiki ya kwanza ya Agosti, wasomaji wa Kiwelisi mtawakuta sehemu moja.

Mbayuwayu: Kesho nawaandikia. Ila nusu kwa nusu siigusi, tulishaahidi.

Kalamu Nyeusi: Barua hiyo nayo ni ya Kiwelisi. Nani ataiandika?