GPS maalumu ya pikipiki au simu kwenye usukani? Nataka kununua wiki hii

Msafiri_Taratibu
Wakuu, heshima kwenu. Mwezi ujao nina safari ndefu, na nimechoka kusimama kila njia panda: nitoe simu mfukoni, nivue glavu, nisome, nivae glavu, halafu nikishaondoka sikumbuki tena kama ilikuwa kushoto au kulia. Nimechuja nimebaki na vitatu: Garmin zūmo XT, TomTom Rider 550, au ninunue tu holda nzuri nifunge simu yangu. Bajeti ya wastani. Kipi bora, na kifungwe wapi? Nataka kulipia kabla wiki haijaisha.

GiaYaSita
Mkuu, umeuliza kama mtu anayeuliza "kiatu gani kizuri" bila kutaja namba ya mguu. Pikipiki gani? Silinda ngapi? Usukani wako ni bomba moja au ni vile vipande viwili vya pikipiki za mbio? Betri ya ukubwa gani? Lami au vumbi? Huko unakokwenda kuna mtandao? Na huo "wastani" ni wastani wa nani?

Tairi_Upara
Simu. Uzi ufungwe.

BintiKlachi
Tairi_Upara, uzi wa watu usiufunge bado.

Mimi nina zūmo XT, na sababu zangu ni tatu: glavu, jua, mvua. Nilianza na simu kama wengi. Siku ya mvua, matone yanagonga skrini na simu inadhani ni vidole. Ramani inakimbia huku na huko, inajikuza, inajifunga. Siku moja katikati ya mvua kubwa ilimpigia shemeji yangu, na kwa kuwa nilikuwa na spika kwenye helmeti nikajikuta namsalimia huku natafuta mahali pa kujibanza. XT ina skrini ya inchi 5.5, inasomeka juani, inakubali kidole chenye glavu, na kinga yake dhidi ya maji ni IPX7. Ubaya wake: ukizoea simu, kuandika jina la mahali kwenye hicho kifaa kunakera. Na bei. Kuhusu bei sina utetezi.

Rider 550 nimeitumia ya kuazima. Skrini ni ndogo, inchi 4.3, ila ina kitu kimoja nilichokipenda: unaiambia unataka barabara za kona na milima kiasi gani, nayo inakupangia. Kabla hujalipa hakikisha ramani za nchi zote unazopita zipo ndani. Watu husahau hilo kisha wanakuja hapa kulalamika.

Tairi_Upara
Sasa nieleze. Sikusema simu unayopigia. Nimesema simu. Kila nyumba ina simu ya zamani droo ya kabatini, kioo kina ufa, betri imechoka kidogo. Iwekee programu ya ramani, OsmAnd au Organic Maps, pakua ramani ukiwa nyumbani, toa laini, funga kwenye usukani. Ikianguka huna msiba. Ramani zenyewe ni za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea, na njia za vumbi mara nyingi zimo kuliko kwenye hivyo vifaa vyenu vya kifahari.

Kijana_Choki
Bila laini GPS itapataje mtandao? Si itakula bando la wapi?

Mzee_Dira
Kijana, GPS haili bando. Simu inasikiliza tu setilaiti zilizo juu kama kilomita 20,200, na kusikiliza hakulipiwi. Ikisikia nne vizuri inajua ilipo. Kinachokula bando ni ile picha ya ramani na taarifa za foleni. Mtandao hata hivyo husaidia mwanzoni, maana huiletea simu ratiba ya setilaiti upesi. Bila laini, simu iliyolala miezi droo itaisoma ratiba hiyo kutoka angani kwenyewe, na ratiba nzima huchukua dakika 12 na nusu kusomwa. Kwa hiyo iwashe mahali pa wazi ukiwa unafunga mizigo. Usiitukane kabla haijaamka.

Nyie mnadeka. Sisi tulioanza kabla ya Mei 2000, Marekani walikuwa wanaivuruga ishara ya raia makusudi, kosa lilifika mita mia. Ramani inakuonyesha uko ziwani na wewe uko stendi. Clinton alipoamuru uvurugaji huo uzimwe, tuliona kama tumevaa miwani.

GiaYaSita
Mzee, sasa hivi vifaa vingi vinasikiliza na GLONASS ya Warusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, kwa hiyo bondeni na katikati ya maghorofa hali ni nafuu. Lakini mwenye uzi bado hajajibu hata swali moja.

Mzee_Dira
Mimi nilikuwa na ramani ya karatasi juu ya tangi. Karatasi haitaki fyuzi.

BintiKlachi
Inataka mwavuli.

FundiWaya
Mnabishana skrini na hakuna aliyegusa umeme. Hebu nisimulie, na fundi mwenyewe nilikuwa mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Kesho yake ilikuwa safari, nina haraka. Umeme nikauchukua kwenye waya wa taa ya mbele kwa sababu ndio ulio karibu. Nikachubua, nikasokota, nikazungushia tepu nyeusi. Fyuzi sikuweka. Nilijiambia hiki kidude cha chaja kinatoa amperi mbili tu, kitamdhuru nani? Waya nikaupitisha kwenye shingo ya usukani na kuubana kwa kamba za plastiki, usukani ukiwa umetazama mbele, waya umenyooka vizuri unapendeza. Hapo ndipo nilipoharibu. Ukikata kulia hadi mwisho waya unavutwa, ukikata kushoto unasuguliwa na ukingo wa fremu. Kila kona unasuguliwa, kila ukiegesha unasuguliwa. Baada ya miezi mitatu hivi ganda likaisha.

Ilikuwa usiku, mteremko, kona ya kushoto. Shaba ikagusa fremu. Pikipiki yangu ile ilikuwa na fyuzi moja tu inayolisha kila kitu, na fyuzi ikafanya kazi yake. Taa ikazimika, injini ikazimika, dashibodi ikazimika. Kitu pekee kilichobaki hai ni kile kifaa cha GPS, maana kina betri yake ndani. Kikawa kinang'aa peke yake kwenye giza lile na kuniambia kwa upole kabisa: baada ya mita mia mbili, pinda kulia.

Nilisimama kwa kubahatisha, mguu mmoja mtaroni. Nikaweka fyuzi ya akiba, nikawasha, nikakata usukani, ikakatika nayo. Nililala kando ya barabara. Kulipopambazuka nikaiona shaba inameta shingoni mwa pikipiki kama mkufu.

Siku hizi nafanya hivi: waya unatoka betri moja kwa moja, na fyuzi yake ya amperi 2 au 3 inakaa karibu kabisa na betri, si huko mwisho karibu na kifaa. Katikati naweka rilei, yaani swichi ya umeme, inayoamshwa na waya wa taa ya nyuma, ili ukitoa ufunguo kila kitu kilale. Shingoni naacha waya ulegee, nakata usukani kulia na kushoto hadi mwisho mara kadhaa, ndipo nabana. Wanaounga betri moja kwa moja bila swichi, pigeni hesabu: chaja inayonyonya miliamperi 50 tu ikiwa haina kazi inakula 1.2 Ah (amperi-saa) kwa siku, na betri ndogo ya 6 Ah inakauka kwa siku tano.

Kijana_Choki
Pole mkuu. Swali: ulipinda kulia?

FundiWaya
Asubuhi, ndiyo. Ilikuwa sahihi.

Msafiri_Taratibu
Samahani wakuu, kazi zilibana. Pikipiki ni 250, silinda moja. Safari nusu lami nusu vumbi, kuna sehemu ndefu hakuna mtandao. Betri sijui, ila inawasha vizuri. Simu yangu ni mpya kabisa, niliinunua kwa ajili ya kamera. Kwa hiyo naona nielekee kwenye simu, nisitumie hela mara mbili.

GiaYaSita
Simu mpya, ya kamera, kwenye silinda moja, kwenye vumbi. Haya.

Kamera nyingi za sasa zina lenzi inayoelea kwenye sumaku ili mkono ukitetemeka picha itulie. Injini ya silinda moja inaitetemesha hiyo lenzi kwa saa nane mfululizo. Mwaka 2021 Apple wenyewe walitoa tahadhari kwamba mitetemo ya injini kubwa za pikipiki ikipita kwenye usukani inaweza kuidhuru kamera ya iPhone, na wakashauri usiifunge huko. Simu za kampuni nyingine zenye lenzi ya aina hiyo sioni kwa nini zipone. Ya kwangu (sitaji ni ya nani) baada ya safari moja kila picha ilitoka kama nimepiga nikiwa na homa. Kuna holda zenye mpira wa kumeza mtetemo, Quad Lock wana kipande hicho na wengine wanacho. Zinapunguza. Kuondoa kabisa, hapana.

Tairi_Upara
Simu ya ZAMANI. Nimesema mapema.

BintiKlachi
Na jua je? Simu juani, skrini mwanga wote, inachajiwa, ramani inapiga hesabu. Inapata joto, inajififiza, kisha inazima. iPhone zimetengenezwa kutumika kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Juu ya tangi mchana ni zaidi ya hapo.

Kipima_Njia
Naongeza chaguo la nne: skrini ya pikipiki yenye CarPlay na Android Auto, yaani inayoonyesha ramani ya simu yako. Simu inakaa mfukoni, kamera salama, skrini isiyoogopa maji iko mbele yako. Nimeifunga mwaka huu. Shida niliyoipata ni helmeti: simu, skrini na spika za helmeti zote zinagombea bluetooth, na kila asubuhi nawapatanisha kama mshenga.

Pia Msafiri, kama utapanga njia kwenye kompyuta, jua kwamba faili ya GPX, ile unayoihamishia kwenye kifaa, inaweza kubeba vitu viwili. Kuna njia, yaani vituo vichache ambavyo kifaa kinaviunganisha chenyewe. Na kuna nyayo, nukta maelfu zilizofuatana, hizo hazibadilishwi. Nilipanga njia tamu ya milimani, nikaihamishia kwenye kifaa, nacho kikapiga hesabu upya kwa akili yake na kunirudisha barabara kuu nyuma ya malori siku nzima. Nikaligundua jioni. Siku hizi natuma vyote viwili.

Mzee_Dira
Karatasi haipigi hesabu upya.

Kipima_Njia
Mzee, shikamoo, lakini karatasi yako haijui daraja limehamishwa.

Mzee_Dira
Marahaba. Daraja likihamishwa nauliza watu. Ndiyo maana nina marafiki njiani na wewe una bluetooth.

GiaYaSita
Turudi kwenye kufunga. Msafiri, pima unene wa usukani kabla ya kununua chochote. Bomba za kawaida ni milimita 22 penye vishikio, lakini usukani mnene katikati hufika 28.6. Mimi napendelea mkono wenye kichwa cha duara kama mpira, wa kampuni ya RAM, saizi ya inchi moja, kwa sababu ukichoka na kifaa unabadilisha bamba la juu tu. Vifaa vingi hukubali matundu manne ya milimita 30 kwa 38.

Mahali: juu ya dashibodi ukiweza, karibu na macho yanapotazama barabara. Wanaofunga chini karibu na tangi wanainamisha kichwa kila wakisoma, na kwa spidi ya 90 kila sekunde unayoinama umepita mita 25 bila kutazama. Kwenye bomba la saiti mira pia inawezekana, ila hapo mtetemo ni mkubwa na kioo kinalegea. Na weka kamba ya usalama. Holda ikikatika, kamba ndiyo itakayokuambia.

BintiKlachi
Wanaoosha pikipiki kwa mashine ya presha, toeni kifaa kwanza. IPX7 ni maji yaliyotulia, kina cha mita moja, nusu saa. Mtu akielekeza mdomo wa mashine kwenye tundu la chaja, hiyo ni hadithi nyingine.

Kijana_Choki
Mimi sitaki skrini kabisa. Sauti tu kwenye helmeti. Kuna ubaya?

Kipima_Njia
Inafaa mpaka ufike mzunguko wenye njia sita na sauti iseme "toka njia ya nne" upepo ukivuma. Hapo utazunguka mara tatu ukihesabu kwa vidole.

FundiWaya
Kweli kabisa. Mimi hutazama kabla, sauti inanikumbusha tu.

Msafiri_Taratibu
Wakuu, mrejesho. Jana kuna mtu alikuwa anauza holda ya mkono wa duara kwa bei nzuri, nikaichukua kabla sijasoma hapo kwenye milimita. Ni ya 28 na usukani wangu ni 22. Nimezungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, imekaza. Simu ya zamani nimeipata, ya mdogo wangu, kioo kina ufa kama mlivyosema. Kuhusu XT na Rider bado naangalia. Tatizo moja: nikikata kushoto hadi mwisho, honi inalia yenyewe.

GiaYaSita
Mkono wa holda unabonyeza kitufe. Uzungushe juu au uhamishie upande wa kulia, ila huko angalia usiguse swichi ya kuzimia injini. Tupia picha.

Tairi_Upara
Nilisema simu ya zamani ukurasa wa kwanza. Sidai shukrani.

FundiWaya
Msafiri, umeme umechukua wapi?

Msafiri_Taratibu
Kwenye waya wa taa ya mbele mkuu, ila ni kwa muda tu. Fyuzi nitaweka nikirudi safari.

BintiKlachi
FundiWaya, kaa chini kwanza.