Tumeletwa fildi Tanga tujifunze kemia, tunaosha chupa na kulazimishwa kuandika uongo kwenye lojibuku

Wakuu, nina hasira, anayetaka uzi wa kistaarabu apite tu.

Nasoma shahada ya kemia mwaka wa pili, chuo kipo Dodoma. Nipo Tanga kwa fildi ya wiki 8 kwenye maabara ya kiwanda ambacho sikitaji, maana muhuri wao bado nauhitaji. Kutoka Dodoma basi linazunguka Morogoro, Chalinze, Segera, ndiyo ulione jiji. Nauli juu yangu, chumba juu yangu. Hilo sililalamikii, tuliambiwa mapema.

Ninacholalamikia ni hiki. Nafika asubuhi: "Dogo, osha vyombo." Naosha bureti, pipeti na flaski za shifti ya usiku. Nikimaliza, dogo fuata chai. Nikirudi, dogo katoe kopi. Saa 4 dogo kalete mihogo (mihogo ya Tanga mitamu, hilo sibishi), na nikirudi nayo sinki limeshajaa tena. Spektrofotomita, mashine ya kupimia sampuli kwa mwanga, ipo mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu. Sijawahi kuiona imefunuliwa.

Na kinachoniuma ni kwamba hapa kemia ipo chini ya miguu yetu. Mapango ya Amboni ni nini kama siyo mawe ya chokaa yaliyoyeyushwa na maji? Maji yakipita kwenye mawe ya namna hiyo yanabeba kalsiamu. Sasa kiwanda kina boila, na boila ukiinywesha maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi, inajenga ukoko ndani ya mabomba. Joto linapita kwa shida, mafuta yanateketea bure, na bomba likizidiwa na moto linapasuka. Ndiyo maana maji yanapimwa kila shifti. Unachukua sampuli, unaweka bafa (mmumunyo wa kushikilia pH) ifike pH 10, unaweka kiashiria cha rangi, halafu unadondosha EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu, tone kwa tone kutoka kwenye bureti mpaka ule wekundu wa zabibu ugeuke bluu. Nimelisoma hilo darasani na mtihani nimelijibia. Hapa hiyo bluu naiona sinkini, ikiwa imebaki chini ya flaski ninayoenda kuimwaga.

Niliomba nipime mara moja tu, fundi akiwa pembeni yangu. Jibu nililopewa: "Ukikosea boila ikapasuka, utalipa wewe?" Jamani! Sampuli moja si inapimwa mara mbili, ya kwake ikaandikwa kwenye rejista, ya kwangu ikatupwa? Bureti ni mrija wa kioo wenye koki. Sijaomba kuendesha mtambo.

Glavu nazo zimefungiwa kabatini, eti za wafanyakazi. Vyombo vingine tunavisuuza kwa asidi ya haidrokloriki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Au asidi nayo huwa inaangalia kwanza nani ana mkataba?

Sasa njooni kwenye lojibuku. Wiki ya kwanza nilijaza ukweli mtupu: kuosha vyombo, kupeleka barua masijala, kuosha vyombo. Msimamizi akagoma kusaini. "Unatuaibisha wewe. Andika ulipima ugumu wa maji." Akafungua rejista yao akanisomea majibu, miligramu kwa lita, niyanakili kama yangu. Bila saini yake sina alama, kwa hiyo kitabu changu kimejaa vipimo vya mtu mwingine, na chuo kitakaa chini kunisahihisha kwa vipimo hivyo hivyo.

Mhadhiri wa kutukagua alikuja. Kakaa ofisini kwa meneja, kanywa soda, kahesabu saini, kaniita: "Unaendeleaje?" Msimamizi kasimama nyuma yake. Nilitakiwa nijibu nini? Maabara hakuingia. Angesema tu "hebu nioneshe unavyopima" angejua kila kitu ndani ya dakika 10. Nasikia kuna vyuo hata hiyo safari haipo, wanapiga simu.

Wenyeji sina ugomvi nao. Mama mwenye nyumba Makorora kanipa chumba kwa kodi ya mwezi mwezi, wakati madalali walitaka miezi sita kwa mtu anayekaa miwili. Jioni ananiuliza, "Mwanangu, leo wamekufunza nini?" Namwambia maji, basi anaridhika.

Na nyie wa "vumilia dogo, sote tumepita huko", mkae kimya leo. Fundi anayeninyima bureti naye aliwahi kuambiwa avumilie. Kama vifaa ni ghali na hamtuamini, msipokee barua zetu. Mkatae mapema, tutafute kwingine.

Mwakani nina fildi nyingine. Wadau mnaoijua Tanga, nambieni ni maabara gani inamwacha mwanafunzi ashike kifaa. Nimefikiria Mlingano kule Muheza kwenye utafiti wa udongo, kuna aliyewahi kupita pale? Sehemu nzuri ziwekeni hapa hapa wengine wazione. Za hovyo nitumieni inboksi, uzi usije ukafungwa kabla sijapata muhuri.